Taa za xenon kwenye Impreza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiegesha gari langu usiku, kuna mtu atasogea aulize hizo taa ni za nini, nilizipata wapi, na kama zake zinaweza kuwa hivyo. Majibu yamekuwa yaleyale kwa miaka kadhaa, basi nimeyaandika. Gari ni Subaru Impreza WRX ya 1999, umbo la GC8, imetoka Japani, na njia yangu kubwa ni Dar hadi Iringa, nusu yake gizani. Mengi hapa yanafaa pia kwa Altezza, Skyline, MX-5 au gari lolote la spoti la enzi hizo.

Xenon ni nini hasa?

Ni balbu isiyo na uzi. Balbu ya halojeni, ile ya kawaida, ina uzi wa tungsteni unaopashwa na umeme mpaka unang'aa. Xenon ina kidonge kidogo cha kioo kigumu, na ndani yake mna ncha mbili za metali zilizoachana kama milimita 4, gesi ya xenon, na chumvi za metali. Kisanduku kinachoitwa balasti, pamoja na kiwashio chake, kinarusha umeme wa zaidi ya volti 20,000 kuvuka nafasi hiyo. Cheche ikishashika, umeme unashuka hadi volti 85 hivi kwenye balbu za D1 na D2 (aina za xenon, nitazieleza chini), unabaki hapo. Sekunde za mwanzo unaona rangi ya bluu, hiyo ndiyo gesi. Halafu chumvi zinayeyuka, zinakuwa mvuke, na ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya mwanga. Ngoma wanapiga chumvi, anayetunzwa ni xenon.

Gari la kwanza kuuzwa na taa hizi lilikuwa BMW Series 7, mwaka 1991.

Inazidi halojeni kwa kiasi gani?

Balbu ya halojeni ya aina ya H4, ile yenye nyuzi mbili za dimu na fulu, ikiwa na wati 60/55, hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) kama 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. H7, halojeni yenye uzi mmoja, ya wati 55 hutoa 1,500. Xenon ya D2S hutoa 3,200, na inakula wati 35 tu. Inadumu pia, kwa sababu hakuna uzi wa kukatika kwenye makorongo: xenon nzuri huenda saa 2,000 na zaidi, wakati halojeni huhesabiwa kwa mamia.

Lakini lumeni ni mwanga unaotoka kwenye balbu kwenda pande zote. Ni kiasi gani kitafika barabarani, na kitafika sehemu gani ya barabara, hayo anayaamua riflekta (bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, linalorudisha mwanga mbele) au projekta (taa yenye lenzi ya mviringo mbele ya balbu). Maswali mengi yanayofuata yanarudi hapo.

Kwa nini nisinunue tu seti ya xenon, nikachomoa balbu za zamani nikachomeka hizo?

Mimi nilifanya hivyo. Duka moja la spea liliniuzia seti ya H4, balbu mbili na balasti mbili, bei chini ya tairi moja. Fundi alimaliza ndani ya saa moja. Alipowasha akarudi nyuma hatua mbili, akapiga makofi: "Bosi, hii sasa ni Uwanja wa Taifa!" Tukacheka, nikamlipa.

Usiku uleule nilikuwa barabara ya Morogoro. Kabla sijafika Chalinze kila lori lililokuja mbele lilinipigia fulu. La kwanza nilidhani ananitahadharisha kuna trafiki. La pili vilevile. La nne halikuzima kabisa, liliniwashia mpaka tukapishana, na dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani akinipa maneno ambayo namshukuru upepo kwa kuyachukua. Nilisimama kituo cha mafuta, nikaielekeza gari kwenye ukuta wa choo. Taa ya dimu iliyo sawa inachora mstari ukutani: chini mwanga, juu giza. Yangu haikuwa na mstari wowote. Ilikuwa kama mtu kamwaga ndoo ya maziwa, mwanga umepanda mpaka kwenye mabati ya paa, na mimi nilikuwa kwenye dimu.

Sababu ni hii. Ndani ya balbu ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha bati. Shika balbu yako uitazame, utakiona. Kikombe hicho kinazuia mwanga usigonge nusu ya chini ya riflekta, na ndicho kinachochora ule mstari. Yaani kwenye H4, kinachomkinga dereva anayekuja asipofuke kimo ndani ya balbu. Ukiitupa balbu umekitupa na kikombe. Seti nyingine zina kibati cha kuigiza, kimechomekwa kwa kukisia. Nyingine hazina kabisa.

Kisha kuna umbo la mwanga wenyewe. Uzi wa halojeni umenyooka. Mwanga wa xenon umepinda kama ndizi, na ni mkali zaidi kwenye ncha mbili kuliko katikati. Riflekta ilichorwa kwa ajili ya uzi ule, mahali palepale. Chanzo cha mwanga kikihama milimita moja tu, ukifika mita 50 mbele mwanga umehama kama mita mbili. Mita mbili kwenda juu ni kutoka kwenye lami hadi usoni mwa dereva wa lori.

Kama gari langu si H4, lina H7 au HB4 (halojeni za uzi mmoja), nafuu ipo?

Kidogo, kwa kuwa kikombe hakimo ndani ya balbu. Tatizo la umbo la mwanga linabaki palepale. Kwenye riflekta utapofusha watu. Kwenye projekta ya halojeni utapata mstari, lakini mwanga utakuwa na madoa, umejaa karibu na haufiki mbali.

Fundi wangu anasema tuzishushe tu, hazitamuumiza mtu.

Ukizishusha vya kutosha zisimuumize mtu, utakuwa unamulika bampa yako mwenyewe. Kinachoumiza macho ya wengine ni mwanga unaotawanyika juu ya mstari, na huo haushuki kwa bisibisi.

Lakini mimi nimeweka seti na naona vizuri kuliko zamani!

Unaona vizuri mita 15 za kwanza. Lami iliyo mbele ya boneti inang'aa, macho yanaizoea ile nuru, mboni zinajikaza, na kilichoko mita 60 kinazidi kuwa giza. Ndiyo maana mtu mwenye seti anaapa taa zake ni kali, kisha anagundua punda akiwa tayari yuko miguuni pake. Jaribu hili: mwambie mwenzako avae nguo nyeusi, asimame pembeni mwa barabara isiyo na magari, arudi nyuma polepole mpaka usimwone. Pima hatua. Rudia na halojeni mpya. Mimi matokeo yalinitia aibu.

Kabla sijatumia pesa nyingi, nianze na nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ndilo linaloulizwa na wachache.

Anza na volti. Gari la miaka 20 lina waya nyembamba zilizochoka, swichi iliyoungua ndani, na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) yenye kutu. Chukua mita ya kupimia volti, washa injini, washa dimu, pima kwenye betri. Yangu ilisoma 13.9. Kisha pima nyuma ya balbu, plagi ikiwa imechomekwa na taa inawaka. Nilipata 12.1. Volti karibu mbili zilikuwa zinapotelea njiani, zinapasha waya moto. Sasa, mwanga wa halojeni haushuki sambamba na volti, unaporomoka. Lumeni zilizoandikwa kwenye balbu zinapimwa kwa volti 13.2. Kwenye 12.1 unabaki na kama robo tatu tu. Nilikuwa nanung'unikia taa za Subaru kumbe nilikuwa nazinyima chakula.

Dawa yake ni rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), moja ya dimu na moja ya fulu, waya mnene kama wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye betri, fyuzi karibu kabisa na betri, na ethi mpya iliyofungwa kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Waya za zamani zinabaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Jumamosi moja inatosha.

Pili, kioo cha nje. Kama ni plastiki na imekuwa ya njano, kwangua kwa msasa wa maji, anza namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu polishi. Usiishie hapo: paka dawa ya kukinga jua, la sivyo miezi michache tu itakuwa njano tena. Dawa ya meno ni hadithi ya vijiweni, inang'arisha wiki moja.

Tatu, riflekta yenyewe. Chungulia ndani. Kama ule upako wa fedha umebabuka au umekuwa wa kijivu, hakuna balbu duniani itakayokusaidia.

Nne, balbu mpya ya halojeni ya kampuni inayojulikana. Siyo zile za bluu. Rangi ya bluu ni chujio, na chujio hula mwanga.

Watu kadhaa waliofanya haya manne hawakurudi tena kuuliza kuhusu xenon.

Nimefanya yote hayo, bado nataka xenon. Njia sahihi ni ipi?

Zipo mbili.

Ya kwanza ni kutafuta taa nzima ya xenon ya kiwandani ya gari lilelile. Impreza za GD, zilizotoka kuanzia 2000, zipo nyingine ambazo Japani ziliuzwa na xenon, na mitumba yake inapatikana. Unanunua taa mbili kamili: nyumba, balbu, balasti, plagi, na kipande cha waya kilichokatwa kirefu. Kagua ndani hakuna maji, masikio ya kufungia hayajavunjika, na balasti haina kutu. Mwambie muuzaji aziwashe kwa betri mbele yako, zikae dakika tano. Balasti inayokufa huwa inawaka vizuri dakika ya kwanza, kisha inaanza kupepesa.

Ya pili ndiyo niliyoifanya mimi: kufungua taa na kupachika projekta ya xenon ndani yake. Kwa magari ya H4 kuna projekta ndogo za aina mbili kwa moja, dimu na fulu zinatumia balbu hiyohiyo. Ndani yake kuna kibati kinachokata mwanga kwenye dimu, na sumaku ya umeme inakivuta kikishuka unapopiga fulu. Mini H1 ya Morimoto ni mojawapo: ina shingo yenye nyuzi za nati inayopita kwenye tundu la balbu, unakaza kwa nyuma bila kukata riflekta. Wengine hutumia projekta za mtumba kutoka magari mengine, na zile za Honda S2000 zina jina zuri kwa ukali wa mstari wake, ila hizo zinahitaji mkono wa kukata na kulehemu.

Kazi yenyewe ni ya utulivu. Taa imefungwa kwa gundi nyeusi ya butili ambayo inalainika kwa joto. Toa skrubu zote, klipu zote na balbu zote, panga oveni iwe ya moto kiasi, nyuzi 110 hivi, funika wavu kwa kitambaa, weka taa dakika saba au nane. Ichungulie kila mara. Kisha unaipasua taratibu kwa bisibisi bapa, ukianzia kona. Ikigoma irudishe, usishindane nayo. Oveni niliomba ya nyumbani, na mke wangu hakuamini mpaka aliponusa. Keki ya wiki hiyo ilikuwa na harufu ya gereji.

Unapokaza projekta, iwe imelala sawa. Ikipinda hata kidogo mstari wako utakuwa kilima ukutani, na utaligundua ukishafunga kila kitu. Mimi nilifunga taa zote mbili, nikawasha, ya kushoto ikawa inatazama Kibaha na ya kulia Kigamboni. Zikarudi oveni. Siku hizi nawasha ukutani kabla ya kufunga kioo.

Kufunga, toa butili ya zamani yote, weka mpya. Usitumie silikoni ya kawaida ya bomba, kwanza hutaifungua tena, pili nyingine hutoa mvuke unaotia ukungu kwenye kioo kwa ndani.

Kama kioo cha taa yako kina mistari au mawimbi, projekta haitafanya kazi nyuma yake. Mistari inavunja kile projekta imekwisha kukipanga. Unahitaji kioo kilicho wazi.

D1S, D2S, D2R, D4S: nichukue ipi?

Ile iliyoandikwa kwenye kitako cha balbu unayoitoa. Herufi S ni ya projekta. R ni ya riflekta, na ina rangi iliyopakwa kwenye kioo chake kuzuia mwanga usiende pasipotakiwa, ndiyo maana inatoa lumeni 2,800 badala ya 3,200. D1 na D3 zina kiwashio kilichoshikana na balbu, D2 na D4 hazina. D3 na D4 hazina zebaki na zinatumia volti 42 badala ya 85, kwa hiyo haziingiliani na balasti za D1 na D2. Usilazimishe.

Nichukue Kelvini ngapi? Nataka ile ya 8000.

Chukua 4300. Nambari ya Kelvini ni rangi, siyo nguvu, na wauzaji wengi wanaitaja kama vile ni nguvu. 4300 ndiyo rangi ya xenon za kiwandani, nyeupe yenye joto kidogo, na ndiyo inayotoa lumeni nyingi zaidi. 5000 ukitaka weupe zaidi, unapoteza kidogo. Kuanzia 6000 kwenda juu unalipia bluu na unarudisha mwanga. 8000 kwenye mvua ya masika ni mapambo tu, lami iliyolowa inaumeza mwanga wote na wewe unabaki kuendesha kwa kumbukumbu.

Na balasti za wati 55?

Zinaichoma balbu iliyotengenezwa kwa wati 35, zinaunguza upako wa projekta ndogo, na rangi inabadilika. Hapana.

Waya za gari zitahimili?

Zikishawaka, hapana shida: kila upande unavuta kama ampea 3, chini ya halojeni. Tatizo ni sekunde za kuwasha, ambapo balasti inavuta mara mbili au tatu ya hapo. Swichi na waya za zamani hazipendi hilo, kwa hiyo tumia rilei, chukua umeme moja kwa moja kwenye betri, na kila upande uwe na fyuzi yake.

Kwa aliyetoka H4 kuna jambo moja zaidi. Gari la H4 linapopiga fulu linakata umeme wa dimu. Ukiunga ovyo, kila ukipiga fulu xenon itazimika na kuwaka upya, na kila kuwaka ni uchakavu. Rilei ipangwe ili xenon ibaki inawaka, fulu iamshe kibati tu. Na upime kwanza gari lako linakata upande gani, chanya au hasi. Magari kadhaa ya Kijapani hukata hasi, na fundi asiyejua hilo atashinda siku nzima anabadilisha balasti zisizo na kosa.

Balasti ifunge mahali pakavu, siyo chini ya bampa kwenye madimbwi. Redio ikianza kulia ukiwasha taa, isogeze mbali na waya wa antena.

Inaweza kunipiga shoti?

Inaweza, na si ya mchezo. Zima taa, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri, subiri dakika chache, ndipo ushike kiwashio. Usiiwashe kamwe balbu ikiwa mkononi. Kioo chake usikiguse kwa vidole vyenye mafuta, na D1 au D2 ikipasuka fungua milango hewa ipite kwa sababu ina zebaki kidogo ndani.

Nazipimaje zikishafungwa?

Uso kwa uso na ukuta, mahali tambarare, tairi zina upepo sawa, tangi nusu, na mtu wa uzito wako ameketi kwenye usukani. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya projekta. Yangu ni sentimita 62. Bandika ukutani utepe wa karatasi kwa urefu huohuo. Rudi nyuma mita 10. Mstari wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 10 chini ya utepe, yaani unashuka asilimia moja. Hesabu ni rahisi: taa iliyo sentimita 62 kutoka chini, ikishuka asilimia moja, inagusa lami mita 62 mbele. Ukiizidisha hadi asilimia mbili unaona mita 31. Kuizungusha skrubu kidogo tu kunatosha kukunyang'anya nusu ya barabara.

Kwa gari la Japani, upande wa kushoto mstari unapanda kidogo kuelekea pembeni ya barabara, kumulika waenda kwa miguu na vibao. Usijaribu kuunyoosha, umewekwa makusudi.

Nimeshusha gari, na wikiendi napakia watu nyuma. Inahusu?

Inahusu sana, na ndiyo sababu kanuni za Umoja wa Mataifa, zile za namba 48, zinadai taa zenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 ziwe na mtambo wa kujishusha zenyewe na wa kujisafisha. Umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ya Impreza ni kama mita 2.52. Nyuma ikilala sentimita 5 tu, pua imepanda karibu asilimia mbili. Ile asilimia moja uliyoshusha ukutani imekwisha, na sasa unamulika asilimia moja juu ya usawa. Watu watatu nyuma na mabegi ya Iringa ni sentimita 5 bila ubishi.

Kama gari lako lina swichi ya kushusha taa kwenye dashibodi, hakikisha mota zake zinafanya kazi baada ya projekta, uizungushe kila ukipakia. Ukibadilisha springi, rudi ukutani. Matope nayo yatawanya mwanga kama kioo kilichopasuka, kwa hiyo kitambaa na chupa ya maji vikae mlangoni.

Niko Bujumbura. Gari ni la Japani, usukani kulia. Ushauri ni huohuo?

Hapana, na swali hili linanijia pia kutoka Lubumbashi. Burundi na Kongo mnaendesha kulia. Ile sehemu ya mwanga inayopanda upande wa kushoto, ambayo kwangu inamulika majani, kwenu inaingia machoni mwa anayekuja. Kwa halojeni ni kero, kwa xenon ni balaa. Mkifungua taa, tafuteni projekta ya nchi zinazoendesha kulia, au yenye mstari ulionyooka. Wa Oman na Dubai mnaonunua spea za Japani, ni hivyohivyo.

Ni halali?

Taa kamili ya xenon iliyofungwa na kupimwa vizuri ni jambo moja, balbu ya xenon ndani ya taa ya halojeni ni jingine. Uingereza, kwa ndugu zetu walioko huko, tangu Januari 2021 gari lenye xenon ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni linafelishwa kwenye ukaguzi wa mwaka. Marekani seti hizo haziendani na kiwango cha shirikisho cha taa. Huku kwetu trafiki akikusimamisha usiku hana kipimo cha lumeni, ana macho yake, na macho ndiyo umetoka kuyaumiza. Usitegemee mjadala mrefu.

Moja imekuwa ya waridi. Nibadilishe hiyo moja?

Badilisha zote mbili. Xenon inabadilika rangi kadiri inavyozeeka, na mpya kando ya mzee zitaonekana kama macho ya paka mgonjwa. Kagua usiuziwe bandia. Philips na Osram zina namba kwenye boksi unazoweza kuzihakiki kwenye tovuti zao. Bei ikiwa ya karanga, balbu ni ya karanga.

Si afadhali LED siku hizi?

Taa nzima ya LED iliyotengenezwa kiwandani, ndiyo, na magari mapya yameiacha xenon kwa sababu hiyo. Balbu ya LED ndani ya riflekta ya halojeni ina kasoro ileile niliyoieleza juu. Soma tena habari ya kikombe.

Nikiwa na xenon naweza kukimbia zaidi usiku?

Rudi kwenye zile mita 62. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 33, na breki nzuri kwenye lami kavu zinakula 35 nyingine. Jumla 68. Kwenye 100 ni karibu mita 97. Xenon inafanya eneo lililomulikwa liwe pana na jeupe, unaona ukingo wa lami na mtu wa pembeni mapema. Lakini dimu ni dimu: mstari unagusa lami palepale, iwe halojeni au xenon, kwa sababu umeupanga wewe kwa skrubu.

Njia ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 hivi, na kuna mabango ya faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Tangu nipate projekta nimewahi kuona kundi la nyati pembeni kabla hawajaamua kuvuka. Macho yao yaling'aa kwanza, mawili, manne, kisha sikuhesabu tena. Nilikuwa kwenye kilomita 50, nikasimama, nikazima fulu, wakapita mbele ya boneti taratibu kana kwamba barabara ni yao. Nyuma yangu basi lilipiga honi.